Mizani ina muhuri, programu je?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Siongiroi kumpa pole bwana mmoja tuliyesoma naye diploma hapa Mombasa, enzi zile kompyuta moja ya chuo yagombaniwa na wanafunzi sita. Alikuwa amefiwa na babake. Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu za Narok na Bomet, na kutoka hapo gari jingine mpaka Siongiroi, eneo bunge la Chepalungu. Sisi watu wa Pwani tukisikia Bomet na Kericho, akili yakimbilia chai. Chai ipo, lakini iko juu kwenye baridi. Siongiroi yenyewe ni ng'ombe na mahindi, na wakulima wa pale wana mtambo wao wa kupoza maziwa unaojulikana mbali. Niseme mapema kwamba kisa changu si cha mtambo huo. Ni cha kikundi kidogo cha wakusanyaji maziwa, chenye watu kama 140, ambacho sitakitaja jina.

Asubuhi ya pili, baada ya kuswali alfajiri, nilitoka nje nikaona watu wamepanga foleni kando ya barabara na mitungi yao. Nikasogea. Kulikuwa na mabishano. Bi kizee mmoja, ambaye pale wote walimwita kogo, yaani nyanya, alikuwa amemshika karani mkono na hamwachi. Sijui Kikipsigis, lakini ugomvi wa vipimo hauhitaji mkalimani. Mwenyeji wangu alinifasiria hata hivyo. Mizani yaonyesha kilo 7.8. Ujumbe ulioingia kwenye simu ya kogo wasema kilo 7. Jana vilevile, juzi vilevile. Mjukuu wake wa darasa la sita amekuwa akinakili daftarini kila siku, mizani imesema nini na simu imesema nini, kwa miezi mitatu.

Karani akatoa lile jibu ambalo mimi na wewe tumeshapewa kwenye madirisha ya ofisi ngapi sijui: mfumo ndio unasema hivyo.

Kogo hakuwa amekaa kimya. Alishakwenda kwa naibu wa chifu. Naibu wa chifu akamwita afisa wa vipimo na mizani, na afisa, Mungu amjaze kheri, akaja. Akaweka mawe yake, akapima, akatazama muhuri, akasema mizani ni sawa. Na kweli mizani ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa hatua moja mbele ya mizani, mahali ambapo jiwe la afisa halifiki.

Aliyetengeneza programu hiyo ni kijana wa miaka 23, mpwa wa mwenyeji wangu. Alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, akajifunza kwa simu na video za mtandaoni, kisha kwa kompyuta iliyotumika aliyoinunua kwa pesa za kuuza ndama. Kabla yake kikundi kilikuwa na daftari moja. Daftari likinyeshewa, mwezi mzima wa maziwa wapotea. Kijana akatengeneza programu: karani aandika uzito, mkulima apata ujumbe papo hapo, na mwisho wa mwezi hesabu yajumlishwa. Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Ila alikosea mahali pamoja. Aliiambia kompyuta ishughulike na namba kamili tu. Kwa hivyo 7.8 ikawa 7, na 12.9 ikawa 12. Kompyuta haina huruma, kila kilichozidi iliking'oa. Kwa wastani kila aliyeleta maziwa alipoteza kama nusu kilo. Nusu kilo kwa siku ni kilo 15 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 45 waliyokuwa wakilipwa, ni shilingi 675. Zidisha kwa watu 140, wapata shilingi 94,500 kila mwezi.

Zilikwenda wapi? Hakuna aliyeiba. Mnunuzi alipima tangi zima na kulipia kilo zote, kwa hivyo kikundi kilipokea zaidi ya kilichowalipa wakulima. Kamati iliona ziada mwisho wa mwezi, ikafurahi, ikaiita faida. Wakanunua hema na viti vya kukodisha. Kwenye matanga ya babake rafiki yangu, mimi mwenyewe nilikalia kimojawapo.

Kijana alipoletewa lile daftari la mjukuu aliangalia kurasa mbili tu, akakaa chini. Dakika kumi baadaye alikuwa amelipata kosa. Bahati ni kwamba programu ilihifadhi kila namba kama karani alivyoiandika. Ilikata tu ilipotuma ujumbe na ilipojumlisha. Kama ingekata tangu mwanzo, ushahidi wote wa miezi mitatu ungebaki kwenye daftari la mtoto wa shule.

Usiku ule, kando ya moto, rafiki yangu alinirukia. Yeye sasa ni mwalimu katika chuo cha ufundi, na hapendi mambo ya kubahatisha. "Ustadh," akaniambia (mimi si ustadh, lakini bara ukivaa kofia watosha kuwa ustadh), "ungekubali huyu kijana akutibu? Nesi ana leseni. Wakili ana leseni. Hata dereva wa matatu iliyokuleta ana leseni. Lakini mtu anayehesabu jasho la watu 140 hadaiwi chochote. Wabunge walitaka kulirekebisha hili, nyinyi watu wa mitandao mkapiga kelele."

Kelele kweli zilipigwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga. Mwaka 2016 ulikuja bungeni mswada wa wataalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Ulitaka kuwe na chombo cha kuwasajili na kuwapa leseni watu wa kazi hiyo, na anayefanya kazi bila leseni awe na kosa kisheria. Mlango mkuu wa kuingilia ulikuwa elimu ya darasani, na mwenye diploma kama mimi alidaiwa juu yake miaka ya kazi. Joe Mucheru, aliyekuwa waziri wa wizara hiyo hiyo, hakuukubali. Ukalala. Mwaka 2020 ukaamka tena mikononi mwa Godfrey Osotsi, wakati huo mbunge mteule, leo seneta wa Vihiga. Safari hii ulipita Bunge la Taifa, na mwezi Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Uchaguzi wa Agosti ukafuata na mswada ukaishia hapo. Mwishoni mwa 2023 likaja pendekezo jingine la sheria kuhusu roboti na akili bandia, nalo likitaka wahusika wasajiliwe na wapewe leseni. Likapigiwa kelele zile zile. Nami sina shaka jambo hili litarudi tena kwa jina jingine, kwa sababu shida inayolizaa haijaondoka.

Sasa chukua mswada ule, kama ungekuwa sheria, uupeleke Siongiroi. Kijana angekuwa na hatia tangu siku ya kwanza, hata kama programu yake ingehesabu sawasawa hadi tone la mwisho. Hatia yake ingekuwa kukosa karatasi. Na kampuni ya Nairobi yenye mainjinia wenye digrii ukutani, ikileta programu yenye kosa lile lile la kukata nukta, ingekuwa haina kosa la leseni. Kogo angepoteza kilo zake vilevile, tofauti ni kwamba angepunjwa na msomi.

Na si jambo la kudhania. Uingereza, kuanzia mwaka 1999, shirika la posta lilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni kubwa ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha pesa zimepungua katika vituo vidogo vya posta ambako hazikupungua. Wenye vituo walishtakiwa kwa wizi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa miaka hiyo, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika, na kila waliposema kompyuta imekosea waliambiwa kompyuta haikosei. Ilibidi bunge la Uingereza lipitishe sheria mwaka 2024 kuzifuta hukumu zile. Kampuni kubwa, wataalamu tele, wanasheria wa bei mbaya. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye mamlaka ya kuufungua mfumo na kuupima, na mwenye wajibu wa kumsikiliza bibi wa posta aliposema, "Hizi hesabu si zangu."

Kuhusu vyeo, sisi Wakenya tuna ugonjwa wetu. Mwite mtu Injinia kwenye harusi uone shingo inavyonyooka. Sheria ya mainjinia ya 2011 inalilinda jina hilo, na sina ugomvi nayo. Daraja la Nyali likitikisika nataka nijue ni nani aliyelitia sahihi. Lakini ulinzi wa jina una upande wake wa pili. Wahitimu zaidi ya 100 wa uinjinia kutoka vyuo vikuu vya Egerton na Masinde Muliro walikataliwa kusajiliwa na bodi ya mainjinia kwa sababu kozi zao hazikutambuliwa, na kesi yao ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu, iliyoamua mwaka 2018. Hao walikuwa na digrii za vyuo vya serikali. Kijana wa Siongiroi mwenye video za simu atasimama foleni gani? Na kijana wa Matondoni au wa Vanga?

Wakubwa nao wamejaribu. Marekani waliweka mtihani wa leseni kwa wahandisi wa programu mwaka 2013. Ulipofika 2019 waliufuta, kwa sababu miaka yote hiyo waliojitokeza kuufanya walikuwa 81. Nchi nzima! Kanada, jimbo la Alberta, bodi ya mainjinia ilizipeleka kampuni za teknolojia mahakamani kwa kutumia jina la mhandisi wa programu, na mwaka 2023 serikali ya jimbo ikabadilisha sheria ili jina hilo litumike bila kibali cha bodi. Jirani zetu Tanzania wana Tume yao ya TEHAMA iliyoundwa 2015, ambayo husajili wataalamu. Kusajili ili watu wajulikane sioni ubaya wake. Ubaya ni pale usajili unapokuwa lango, na mlinzi wa lango ana mshipi wa kupiga.

Nilimwambia rafiki yangu ajaribu kufikiri kama mtu wa bahari. Akacheka, kwa sababu kutoka kwao hadi kwenye maji ya chumvi ni safari ya siku nzima. Lakini msomaji wa Pwani atanielewa. Sisi tuna manahodha waliojifunza kwa baba zao, waujuao mkondo wa Lamu kwa harufu, na mamlaka ya bahari, KMA, yawadai vyeti. Manung'uniko yapo, mengine ya haki. Hata hivyo KMA haiishii kwa nahodha. Chombo chenyewe hukaguliwa: mbao, injini, jaketi za kuokolea maisha, na abiria wangapi kinaruhusiwa kubeba. Nilikuwa mwanafunzi tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Mpaka leo ukiwauliza wazee wa Likoni, hawakuambii habari za shahada ya nahodha. Wakuambia chombo kilipakia watu kupita kiasi, na hakuna aliyesema basi, inatosha.

Kwa hivyo rafiki yangu ana haki nusu. Ana haki kwamba kogo hana pa kwenda. Hilo ndilo lililonikera zaidi kule, na ndilo sisi tuliopiga kelele 2016 na 2022 tulilisahau. Tulishangilia mswada ukifa, tukarudi kwenye kazi zetu, na hatukupendekeza kitu badala yake. Tulikuwa tukijitetea sisi wenyewe, watengeneza programu, riziki yetu isiguswe. Mwenye maziwa hakuwemo katika mazungumzo.

Anapokosea ni kudhani leseni ya mtu ingemsaidia kogo. Kilichomsaidia ni vitu viwili. Kimoja ni kwamba namba asili zilihifadhiwa, kingine ni kwamba kulikuwa na kumbukumbu nyingine nje ya mfumo ya kulinganisha nazo. Hivyo viwili vyaweza kuandikwa katika sheria bila kumuuliza mtu amesoma wapi. Programu yoyote inayopima au kuhesabu mali ya watu, iwe maziwa, majani ya chai, mishahara, basari au dawa, ipimwe kabla ya kutumika kama mizani inavyopimwa. Mpe afisa wa vipimo orodha ya uzito wa uongo wa siku thelathini, aiingize kwenye programu, aone jumla inatoka ngapi. Kosa la Siongiroi lingeonekana kabla ya chai ya saa nne. Kisha programu iwe na mwenyewe, mtu au kampuni yenye jina na simu, ili karani asijifiche nyuma ya neno mfumo. Na mkulima akiomba kuonyeshwa hesabu yake ilivyofanywa, aonyeshwe. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kifungu cha 35, tayari inampa mtu haki fulani pale uamuzi unaomgusa unapofanywa na mashine peke yake. Ni mlango mdogo, lakini uko wazi, na sijaona wengi wakiupitia.

Kwa kazi zenye hatari kubwa zaidi, mashine za hospitali kwa mfano, au mifumo ya kura, nakubali mtu aulizwe ujuzi wake, na aulizwe kwa ukali. Ila aulizwe kwa mtihani na kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazokuandikia programu nzima ukiziomba kwa maneno ya kawaida. Kesho karani mwenyewe ataweza kuagiza mfumo wa maziwa kabla ya foleni kuisha. Utampa leseni nani hapo, karani au mashine? Programu iliyotoka, hiyo yaweza kupimwa, haijalishi imeandikwa na nani.

Tuliosoma madrasa twajua kuna sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Nilimtajia rafiki yangu, naye ni Mkristo wa kanisa la kijijini kwao, akaniambia hata kwao yamo. Tukakubaliana hapo angalau. Lakini akanibana: wanaotajwa humo ni wanaopunja kwa kusudi. Huyu kijana hakukusudia. Nikamwambia ndiyo, na kamati je? Waliona ziada miezi mitatu mfululizo na hawakuuliza imetoka wapi. Hakuna mswada uliowahi kumtaka mwanakamati awe na leseni.

Hesabu ya kurudisha kijana aliifanya kwa mkono usiku tatu, mimi nikimsomea namba, naye akizidisha mara mbili mbili. Zilitoka shilingi laki mbili na themanini na kitu. Hema limeuzwa, viti havijapata mnunuzi, na kikundi kinalipa deni hilo kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Juzi rafiki yangu alinipigia. Kamati imekutana ikaamua kijana aondolewe, atafutwe mtaalamu mwenye cheti. Kampuni moja ya Nairobi imeleta bei, na bei hiyo itakatwa kwenye maziwa ya kila mwanachama kwa mwaka mzima. Nikamuuliza kama kwenye mkataba imeandikwa kwamba namba asili zitahifadhiwa na kwamba wakulima wataweza kuziona. Akasema hilo halikuzungumzwa. Mkutano wa kupitisha ni Alhamisi ijayo. Nimemwomba alisimamie, na amhimize kogo ahudhurie na lile daftari.